Nani Akae Mbele Kwenda Bukoba

Jumamosi, 8 Julai 1989

Wageni wamefika. Mama mkwe wangu Kobugabe na wifi yangu Komujuni, kutoka ng'ambo Uganda, huko kwenye malisho walikohamia na ng'ombe wao. Wamekuja na samli, blanketi jipya na malalamiko. Ndizi zetu za Ihembe ni ndogo. Jiko letu lina moshi. Na mtoto wetu amekonda. Nuwagaba! Mwaka mmoja na miezi miwili, nikimbeba mgongoni mpaka kwenye migomba narudi kiuno hakinyooki — amekonda!

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Mbele ya mama mkwe mdomo wangu unajua maneno mawili tu: ndiyo, na mama. Mengine yote yanakuja kulala humu shajarani.

Wakati wa chakula Muhangi, mume wangu, akatangaza mpango wake mkubwa. Jumamosi ijayo tunawapeleka wageni kutembea mjini Bukoba. Siku moja tu, kwenda na kurudi. Theoneste wa dukani anakwenda kuchukua mzigo wa sabuni na mafuta ya taa, pikapu inakwenda tupu, kwa nini tusiijaze sisi? Tutaona ziwa. Tutaona kanisa kuu. Tutaona soko. Watu wote wa mnadani, na wa josho anakofanya kazi ya kuogesha ng'ombe dawa, wanajua Muhangi hajawahi kupanga kitu zaidi ya foleni ya ng'ombe, lakini leo kapanga matembezi.

Kwa barabara ile, tukiondoka alfajiri bila pancha, tutafika Bukoba mchana, tutalisalimia ziwa, tutageuza gari. Matembezi mazuri sana. Nimefurahi — kweli nimefurahi! Tangu nizae sijavuka Kyaka.


Jumapili, 9 Julai

Baada ya misa kikao cha viti. Bunge halijawahi kukaa hivi.

Pikapu ya Theoneste mbele inachukua watu watatu, naye Theoneste akiwa mmoja wao, kwa kuwa gari halijajua kujiendesha. Kwa hiyo mama mkwe akae mbele, mkubwa. Nuwagaba apakatwe na mama mkwe, upepo wa nyuma utamuua. Muhangi akae mbele mlangoni, mwenyeji, ndiye anayejua njia. (Njia ni moja. Theoneste anaipita kila wiki.) Komujuni nyuma. Na mimi nyuma, juu ya mikungu ya ndizi ya Theoneste.

Nikataka kuuliza: mtoto anayenyonya yuko mbele, matiti yako nyuma, tutatumia bomba?

Nikasema, "Ndiyo, mama."

Halafu kitu kimoja sikielewi. Nilipotaja samaki wa Bukoba, mama mkwe alifunga pua kwa khanga. Watu wa ng'ombe hawali samaki, nilisahau. Chakula cha hoteli hali. Maji mengi anayaogopa. Anasema ziwa ni maji tu, hata kisima ni maji. Sokoni hanunui, akihitaji kitu anatuma mtu. Kanisani ametoka leo. Sasa mtu wa namna hii anakwenda Bukoba kufanya nini? Kumwangalia Theoneste akipakia sabuni?


Jumanne, 11 Julai

Nimeshushwa kwenye gari kabla halijaondoka.

Muhangi kasema, macho yake kwenye taa siyo kwangu, kwamba itabidi nibaki. Kahawa iko kwenye mikeka. Nani ataigeuza? Je, mvua ikinyesha?

Mvua! Julai! Vumbi limefunika mpaka majani ya migomba, na mume wangu anaogopa mvua.

Nikamuuliza, na mtoto je? Akasema atakunywa maziwa ya ng'ombe siku hiyo, mama amekuja na chombo. Na ni kweli. Jioni mama mkwe alifungua furushi akatoa ekyanzi, kile chombo cha mti cha maziwa, lakini kadogo, kapya, kamechongwa kutosha mkono wa mtoto. Kametiwa moshi vizuri mpaka kananukia. Kila mtu akakasifu. Nuwagaba akakashika kwa mikono miwili akanywa, maziwa yakamwagikia tumboni. Mama mkwe alicheka — sijawahi kumsikia akicheka vile, kama msichana.

Kazuri, sikatai. Kwa matembezi ya siku moja mtu kachonga chombo kipya. Kwetu Kihanga, nilikozaliwa, tungechukua kikombe.


Jumatano, 12 Julai

Komujuni ameniletea zawadi. Fungu la mubirizi! Majani yale machungu kuliko kwinini. Kwa upole kabisa akanieleza kwamba nikiyaponda nikapaka kwenye chuchu, mtoto ataacha kunyonya mwenyewe, bila ugomvi. Nikamshukuru. Nikamwambia nitayachemsha niwape kuku wenye minyoo.

Baadaye tulikuwa tunamenya ndizi. Akaniuliza, macho kwenye kisu, Nuwagaba akiamka usiku hupenda afunikwe miguu au kifua?

Nikasema, "Usiku gani, wifi? Si mnarudi naye Jumamosi hiyo hiyo?"

Akainuka. Akasema anakwenda kuchota maji. Komujuni! Tangu afike hajui hata kisima kiko upande gani.

Ndizi zimebaki nusu zimemenywa.

Sasa nayaweka yote pamoja na sipendi yanavyokaa. Blanketi jipya. Ekyanzi. Mubirizi. Mimi na kahawa. Nyumbani kwa mama mkwe hakupitiwi Bukoba. Ukifika Kyaka barabara zinaachana, moja ya Bukoba, nyingine inavuka daraja kwenda Mutukula na Uganda. Najua desturi. Kila mtu anaijua. Mjukuu wa kwanza akitaka kuachishwa kunyonya, bibi mzaa baba anakuja, anamchukua, analala naye, na mama anabaki nyumbani na matiti yaliyojaa mpaka yakauke. Mtoto anarudi akiwa mkubwa. Wengine wanarudi wakiwa na meno mapya.

Najua desturi. Sikujua inapanda pikapu na kuitwa matembezi.


Alhamisi, 13 Julai

Nimemfuata Muhangi joshoni. Nimemuuliza mbele ya ng'ombe, maana ng'ombe hawatangazi.

Hakukataa. Hilo lazima niliandike, hakunidanganya mara ya pili. Alisema mama yake ameomba. Kwamba kila mzaliwa wa kwanza wa kwao analelewa na bibi, naye mwenyewe alilelewa hivyo, na je, amekufa? Ni mwaka mmoja au miwili. Nitapumzika. Ndama mmoja kule ameshapewa jina la Nuwagaba. Walipanga kuachana na gari la Theoneste palepale Kyaka; kuna Landrova ya Mutukula siku ya Jumamosi. Yeye angemshusha mtoto, ampe mama yake, basi. Hawakuniambia kwa sababu ningelia.

Asante! Wamenionea huruma.

Nikamuuliza, wewe uliporudi kwa mama yako, ulimwitaje?

Aliwapitisha ng'ombe wawili kwenye dawa. Kisha akasema, "Shangazi."

Halafu akaendelea na kazi. Nami nikarudi nyumbani, nikaingia ndani ya migomba mahali ambapo hakuna mtu, nikalia mpaka nikachoka. Nampenda mwanangu. Sina namna ya kuchekesha hapo. Simpi mtu.

Lakini kumwambia Kobugabe hapana? Mimi? Mkamwana? Usoni? Heri nimwambie Askofu.

Saa ya gulio Deodatha, jirani yangu, alikuwa anakwenda Kihanga kuuza maharage. Nimemtuma kwa mama yangu mzazi. Maneno machache: Jumamosi alfajiri simama barabarani, vaa vizuri, unakwenda kuona ziwa.


Ijumaa, 14 Julai

Deodatha karudi na jibu. Mama yangu, Mukantabana, kasema hajawahi kualikwa kuona ziwa, na hajui ziwa limemkosea nini, lakini atakuwepo.

Jioni nikatangaza. Niliinama vizuri, sauti ya adabu, chombo cha maji mkononi. Nikasema mama wa Kihanga amesikia habari za matembezi, amefurahi mno, anaomba lifti. Atakuwa barabarani.

Ungemwona Muhangi! Alitoa macho kama aliyemezeshwa dawa ya josho. Maana hapa kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani. Hawapeani mkono. Hawali pamoja, hawakai benchi moja. Akimwona njiani anaacha njia. Muhangi tangu anioe amemwona mama yangu mgongo tu, na hilo analijutia. Sasa wakae kwenye kiti kimoja cha Theoneste, goti kwa goti, mpaka Bukoba?

Muhangi akasema basi gari limejaa. Mama mkwe — na hapa nilimjua ni mtu mzima — akamkatisha. Alisema yeye, Kobugabe, hajafikia hali ya kumwacha mama wa mkamwana wake barabarani kwenye vumbi. Huyo ndiye aliyetupa mke. Huyo atakaa mbele.

Kwa hiyo Muhangi anahamia nyuma. Nikangoja kidogo. Nikaongeza kwamba kuna jambo dogo tu, waitu, wakubwa wangu, samahani: safarini watu huambiana sogea, shuka, funga dirisha. Baba Nuwagaba hawezi kumwambia mama hata sogea. Lazima awepo mtu wa kupeleka maneno kati yao. Mama hamjui Komujuni.

"Na kahawa?" Muhangi akauliza.

Deodatha ataigeuza, nikasema. Na mvua ikinyesha ataianua.

Mama mkwe alinitazama kwa muda. Hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alinitazama kama mtu anayemwona mtu anayemfahamu. Kisha akasema nipande gari.

Nimepanda! Kwa kitu kile kile wanachonishikia mimi. Desturi yao na desturi yetu, tuone ipi ina kichwa kigumu. Naichukua na shajara, nimeificha kwenye kikapu chini ya nepi.


Jumamosi, 15 Julai. Kyaka.

Naandika nyuma ya pikapu, imesimama. Mwandiko mbaya. Sijali.

Asubuhi ilienda vibaya vizuri sana. Tulikubaliana Muhangi akae mbele mpaka karibu na Kihanga, pale kwenye mti ulioanguka, ndipo ahamie nyuma kwa heshima zake. Lakini mama yangu hakusimama Kihanga. Alitembea kutukuta! Anasema miguu ilikuwa na baridi. Tukakata kona, huyo hapo, katikati ya barabara, gauni la Pasaka, kilemba, mwavuli. Theoneste akafunga breki. Muhangi hakungoja gari lisimame. Alifungua mlango akaruka, akakimbilia kwenye migomba ya watu, koti likashikwa na kijiti, akaliacha.

Mwenye shamba akatoka na panga kuuliza mwizi gani huyu wa saa hizi. Theoneste akamweleza, "Si mwizi, ni mkwe." Mwenye shamba akaelewa mara moja. Akarudisha panga, akaenda kumsalimia mkwe mwenzake ndani ya migomba. Tulisubiri wamalize.

Mama akapanda mbele, mlangoni. Mama mkwe akabaki katikati, usukani upande huu, gia katikati ya magoti yake, mtu mzima yule, wala hakulalamika. Wakasalimiana kwa kirefu, za nyumbani, za ng'ombe, za migomba. Kisha, kwa kuwa ndivyo adabu inavyotaka, mama mkwe akamweka Nuwagaba mikononi mwa bibi yake mwingine amsalimie. Mama akampokea.

Hajamrudisha mpaka sasa.

Muhangi alikuja nyuma, akakaa kwa kugeukia tulikotoka, blanketi kichwani, akameza vumbi lote la Karagwe. Komujuni alikuwa anatapika pembeni. Mimi juu ya mikungu. Matembezi.

Sasa tuko Kyaka. Theoneste anapoza injini na kunywa chai. Landrova ya Mutukula iko pale ng'ambo ya barabara, inajaza watu. Daraja lile linaonekana. Na hapa ndipo mpango wao ulipokwama: ili mtoto ashuke, lazima mlango ufunguliwe. Mlangoni yuko mama yangu. Muhangi hawezi kuukaribia mlango ule.

Kwa hiyo mpeleka maneno nimepata kazi.

Muhangi, chini ya blanketi: mwambie mama ashuke apumzike, anywe chai.

Naruka chini, nazunguka, "Mama, mkwe wako anasema ushuke unywe chai."

"Mwambie mkwe wangu nilikunywa nyumbani."

Narudi. Amekunywa nyumbani.

Mwambie mtoto anahitaji hewa.

"Mwambie dirisha liko wazi."

Mwambie hapa jua kali, gari litakuwa moto.

"Mwambie nina mwavuli."

Na kweli akaufungua! Ndani ya gari! Theoneste chai ilimpalia. Mimi uso mkavu kabisa, naenda narudi, kama karani. Mara ya nne Muhangi hakunituma. Alitoa kichwa kwenye blanketi, vumbi mpaka kope, akaniuliza polepole, "Wewe ndiye uliyempanga?"

Nikasema ndiyo. Nilisahau kuongeza baba.

Alitazama Landrova, akatazama mikono yake. Nilidhani atanikasirikia. Alisema tu, "Hata mimi nililia. Wanasema nililia mpaka mtoni." Kisha akarudisha blanketi.

Halafu Nuwagaba akaanza. Njaa. Hajanyonya tangu alfajiri, na mimi blauzi imeshaloa mbele. Alilia kilio kile cha kunitafuta. Mama akampitisha dirishani, nikampokea, nikapanda naye huku nyuma, nikafungua vifungo.

Ndipo mama mkwe akashuka. Kapita upande wa dereva, juu ya gia, akishikilia ekyanzi kale kadogo asikamwage. Akaja mpaka hapa kwenye bodi. Alimwambia Muhangi akaone injini. Muhangi hajui lolote la injini, akaenda. Komujuni akaambiwa akanawe uso.

Akaniita, "Kampire." Jina langu! Tangu niolewe ni mkamwana, ni mama Nuwagaba. Sikujua analijua.

Alisema mambo machache, nami nayaweka kama alivyoyasema.

"Muhangi nilikuwa bado namnyonyesha, hajatimiza hata umri wa huyu. Mama wa baba yake akaja. Nikasema ndiyo, mama. Nilibaki nyumbani, hakuna gari, hakuna mtu wa kunikalia mlangoni. Aliporudi alikuwa anajua kuchunga. Akanipa shikamoo kama anayempa mgeni. Nikaambiwa vumilia, na wewe zamu yako itafika. Nimevumilia. Hii ndiyo zamu yangu, sina nyingine."

Nilikuwa natazama kichwa cha Nuwagaba.

"Nimeona ulichofanya na mama yako. Una akili. Lakini sitaki kupigana na mama yako. Kama ni hapana, niambie wewe, kwa mdomo wako. Mimi sikuweza. Akishiba, niambie."

Kisha akasogea pembeni. Hakwenda mbali. Amesimama kwenye kivuli cha pikapu, khanga begani, ekyanzi mikononi. Hanihimizi. Hanitazami hata. Anatazama daraja.

Na mimi mwenye maneno mengi! Kurasa zote hizi nimemcheka — samaki wake, ziwa lake, viti vyake. Neno moja tu, herufi chache, nimelitafuta kinywani halipo. Si woga peke yake. Ningekuwa namwogopa tu, ningeweza. Nikimwambia hapana, anarudi na kale kachombo mpaka kwake. Nikimwambia ndiyo, narudi mimi Ihembe kugeuza kahawa, na siku moja mtu mwenye meno makubwa ataniita shangazi.

Landrova inapiga honi. Kondakta anaita Mutukula, Mutukula. Theoneste kawasha gari, anauliza tunaelekea wapi. Mama kule mbele kafunga mwavuli.

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto umemshika. Ananyonya taratibu sasa. Macho yanafumba. Kidole chake kimoja kimeshika kifungo changu na kinaanza kulegea. Mama mkwe amegeuka, ameona.

Bado hajashiba. Namhamishia upande wa pili.